Bundi Mtoe, Punda Mwache

Swali lililonifikia ni hili, nimelifupisha kidogo:

"Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni msichana wa Mkomani, Lamu. Natengeneza filamu fupi ya dakika 18 kuhusu babu yangu, aliyebeba mawe na mchanga kwa punda karibu maisha yake yote. Alikuwa na pumu, na usiku aliofariki punda wake alikuwa amefungwa pale mlangoni. Kabla ya kifo nimeweka mlio wa bundi nilioupata kwenye intaneti, kisha punda analia kwa nguvu mara moja, kisha giza. Rafiki yangu aliyesomea filamu Nairobi anasema bundi amechakaa, nitafute mnyama mwingine, kwa sababu kila mnyama ana maana yake: kunguru ni shari, njiwa ni amani, mbwa ni uaminifu. Nilipowaonyesha shangazi zangu nyumbani, punda alipolia mmoja alisema audhubillahi na wengine wakacheka. Je, ipo orodha ya maana hizo? Na nimekosea wapi?"

Waalaykumu salaam, mwanangu. Kwanza, Mwenyezi Mungu amrehemu babu yako. Pili, orodha hakuna. Wapo wanaoigawa, lakini ukiifuata utapata filamu iliyofanana na za wote walioifuata kabla yako. Tatu, shangazi zako hawakukosea hata chembe. Nitawarudia, maana wao ndio wamekupa darsa la maana kuliko lile la Nairobi.

Nianze na bundi, kwa kuwa yeye ndiye anayeondoka.

Kipande ulichoniletea nimekisikiliza mara nne kwa hedifoni. Ule mlio wa "hu... hu-huuu" unaotetemeka mwishoni ni wa bundi wa misitu ya Ulaya, yule anayelia katika kila filamu yenye makaburi na ukungu. Ukisikia "tu-wit, tu-wuu" ile maarufu, mara nyingi hata si bundi mmoja: jike ameita, dume ameitikia. Lamu hayupo. Bundi wetu wa magofuni na darini, yule mwenye uso mweupe kama kopa la karata, halii "hu" hata siku moja. Anakwaruza. Ni sauti kama ya jamvi kuukuu linalopasuliwa kwa mikono miwili, na makinda yake yakitaka chakula hukoroma kama mzee aliyelala chali. Huku kwetu Malindi, katika msitu wa Arabuko-Sokoke, yumo kibundi mwingine mdogo sana, wa sentimita 16 au 17 tu, na yeye ni "gonk, gonk, gonk" mfululizo, utadhani kuna mtu mbali huko anagonga kopo tupu kwa kijiti. Mtu asiyejua hawezi kudhani ni bundi.

Utaniambia: mwalimu, nani atajua? Shangazi zangu si wataalamu wa ndege. Kweli. Lakini sikio la mtu aliyelala miaka 60 katika nyumba moja linaujua usiku wake, hata kama hana jina la kila kilicho ndani yake. Mimi hili nilifundishwa hadharani. Miaka mingi nyuma nilitengeneza sauti za filamu moja iliyopigwa kisiwani Pate, kipindi cha kaskazi, jua kali, visima vimeshuka. Usiku wake nilikuwa nimerekodi, lakini kulikuwa na jenereta mahali, basi nikauzika na kuweka usiku mwingine nilioununua tayari. Tulipoionyesha kwa watu wa kule kule, katikati ya tukio la huzuni kabisa mvuvi mmoja aliyekaa mbele akageuka na kuuliza kwa sauti, "Na hawa vyura wametoka wapi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Vyura hulia masika, na kaskazi ile hapakuwa na dimbwi la kumlowesha chura unyayo. Baadaye nilikuja kugundua kwamba walikuwa vyura wa pwani ya magharibi ya Marekani, wale wale waliosambazwa na filamu za Hollywood mpaka dunia nzima ikadhani chura yeyote husema "ribit".

Hollywood ina madeni mengi ya aina hii. Katika filamu za Tarzan za miaka ya 1930, msitu unaoitwa wa Afrika una ndege anayecheka kwa kishindo. Ndege yule ni kookaburra, wa Australia, na Afrika hajawahi kutia mguu. Tai mwenye kichwa cheupe, nembo ya Marekani, akipita angani katika filamu hutoa mlio mkali unaokata, lakini mlio ule ni wa mwewe mwenye mkia mwekundu, kwa sababu tai mwenyewe ana kisauti chembamba kisichofanana na ukubwa wake. (Furukombe wetu, yule tai mla samaki, hakuhitaji kuazimiwa sauti na mtu. Lakini hilo ni jambo la kujivunia tu, si la kukusaidia.)

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba kila mlio katika filamu lazima uwe wa mnyama anayeonekana. Mwaka 1933 Murray Spivack alimpa King Kong, yule sokwe mkubwa wa filamu ya jina hilo, sauti kwa kuchukua ngurumo za simba na chui milia, akazipunguza kasi na nyingine akazicheza kinyumenyume. Katika Jurassic Park ya mwaka 1993, Gary Rydstrom alichanganya mwanatembo, chui milia na mamba kupata mngurumo wa yule dinosaria mkubwa, na wale wadogo wenye kucha wanaofukuza watoto jikoni, sehemu ya sauti yao ni ya kobe wakiwa katika shughuli zao za unyumba. Hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyewahi kumsikia dinosaria. Bundi shangazi zako wamemsikia. Tofauti yote iko hapo.

Sasa hata nikikupa bundi wa Lamu mwenyewe, aliyerekodiwa juu ya paa la nyumba ya babu yako, bado nitakuambia mtoe. Kosa lake si uzungu tu. Kosa lake ni kwamba anatangulia kusema. Mtazamaji akisikia bundi amekwisha kuambiwa kwamba mtu atakufa, basi anakaa kungoja afe. Dakika zile mbili za mwisho za babu yako, ambazo umezipiga vizuri sana (ule mkono unaotafuta kofia gizani, tafadhali usiukate), zinageuka foleni.

Mwangalie mtu wetu alivyomtumia bundi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi miaka 200 hivi iliyopita, alitupitisha ndani ya majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na watu. Kwanza ananyamazisha: husikii hisi wala ukelele. Halafu ndipo analeta viumbe, mmoja mmoja, kila mmoja na chumba chake. Makinda ya popo yananing'inia juu. Katika madaka yaliyopangwa vyombo vya kaure wamelala wana wa ndege. Bumu, ndiye bundi kwa Kiamu, anakoroma katikati ya nyumba. Mende wanavuma, na kumbini walipokuwa wakikaa waungwana wanalia ngende, yaani nyenje. Bundi yule hatabiri kitu. Kifo kimeshapita zamani, yeye amehamia. Na tazama neno alilochagua mshairi: anakoroma. Wale makinda wa bundi mweupe niliokueleza hapo juu, ndivyo wanavyofanya hasa. Bwana yule alikuwa na sikio. Ukitaka kujua sauti ya filamu hupangwaje, beti zile zitakufaa kuliko mafunzo mengi ya intaneti: ukimya, kisha kiumbe, kisha mahali pake halisi nyumbani. Na mahali pale panajulikana kazi yake ya zamani, ndipo panapouma.

Nirudi kwenye orodha ya rafiki yako. Mwaka 1415 mabalozi wa Malindi walimfikisha twiga China, kwa mfalme wa Ming. Hapa Malindi twiga alikuwa twiga, mnyama mrefu wa bara ambaye ngozi yake ina kazi na nyama yake pia. Kule walimwona ni qilin, mnyama wa hadithi zao anayejitokeza pale tu mfalme anapotawala kwa haki, wakamchora na kumtungia sifa. Mnyama ni yule yule. Safari imembadilisha kila kitu isipokuwa shingo. Filamu nayo ni safari kama ile: unapompakia mnyama merikebuni, yakupasa ujue anateremkia bandari gani.

Na punda wako anateremkia Lamu. Hapo ndipo wanapoingia shangazi.

Mwaka 1966 Mfaransa Robert Bresson alitoa Au hasard Balthazar, filamu kuhusu punda mmoja tangu utoto hadi kufa kwake, akipita mikononi mwa bwana huyu na yule, wengi wao wabaya. Inaanza na piano ya Schubert, polepole, tamu, na katikati ya muziki punda analia. Kilio kamili, kibaya, kinachokwaruza. Kisha piano inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa watazamaji wa kule punda ana heshima yake: ndiye aliyepandwa na Yesu kuingia Yerusalemu, ndiye aliye kando ya hori katika kila picha ya Krismasi. Kwa hiyo punda anapokufa mwishoni, amelala mlimani kati ya kondoo wenye kengele shingoni, wao wanaona kitu kinachokaribia utakatifu. Mwaka 2022 Jerzy Skolimowski wa Poland aliifuata njia hiyo katika EO, akatumia punda sita kumwigiza mmoja, na jina la filamu yenyewe ni mlio wa punda kwa masikio ya watu wa kule.

Sasa chukua mlio ule ule uupeleke Mkomani. Kila mtoto aliyepita chuoni ameisoma aya ya 19 ya Surat Luqman, kwamba sauti inayochukiza kuliko zote ni ya punda. Na hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inasema ukisikia jogoo anawika muombe Mwenyezi Mungu fadhila zake, kwani ameona malaika, na ukisikia punda analia jikinge na shetani, kwani ameona shetani. Shangazi yako aliposema audhubillahi hakuwa anaiharibu filamu yako. Alikuwa mtazamaji bora kuliko wote chumbani: alisikia mlio akaujibu kama anavyoujibu kila siku akiwa jikoni. Tatizo ni kwamba katika filamu yako mlio ule unakuja sekunde ile ile babu anapokata roho. Bila kukusudia umemwambia shangazi kwamba wakati wa roho ya baba yake kutoka, aliyekuwa mlangoni ni shetani. Angenyamaza ningeshangaa.

Na waliocheka? Hao nao wana haki yao. Mtu wa Lamu anaishi na punda kama watu wa Mombasa wanavyoishi na matatu: anampisha kichochoroni, anamlaani, anamtegemea. Punda akilia karibu na dirisha wakati mgeni wa heshima anazungumza, watu hucheka, ndivyo ilivyo. Kicheko kile usikifukuze. Kihamishe tu. Mweke punda alie mapema, dakika ya tatu au ya nne, pale babu anapojadiliana na fundi bei ya kubeba mawe. Wacheke wamalize. Shangazi aseme audhubillahi yake. Ukifika mwisho mlio ule umekwisha kuwa wa nyumbani, na una nafasi ya kufanya kitu kingine.

Kitu gani? Hapa Kiswahili kina jambo la kukufundisha. Tunasema jogoo anawika, simba ananguruma, mbwa anabweka, kuku anatetea, nyuki wanavuma. Hao wamepewa vitenzi vyao. Wengine wote wanalia. Paka analia, punda analia, bundi analia, ngende analia, simu inalia, na mtoto aliyefiwa analia. Kitenzi kimoja kimezaa mlio na kilio, na ni sisi tunaosikia ndio tunaoamua hiki ni kipi. Kazi ya mtu wa sauti katika filamu, kwa jinsi ninavyoielewa mimi baada ya miaka yote hii, ni kumfanya msikilizaji avuke kutoka mlio hadi kilio bila kuona daraja. Ukimwonyesha daraja, hulka ya binadamu ni kukataa kuvuka.

Daraja linaloonekana ni lipi? Mwaka 1925 Sergei Eisenstein, katika Strike, alikata picha za wafanyakazi wakiuawa na kuzichanganya na za ng'ombe anayechinjwa. Ni mfano mashuhuri, kila mwalimu wa filamu anautaja, na kwa watazamaji aliowakusudia ulifanya kazi. Lakini nimewaonyesha vijana hapa Malindi mara kadhaa, na jibu la kwanza huwa ni swali kuhusu kisu. Sisi ng'ombe anayechinjwa tunamwona sikukuu, tuna kisomo chake, na nyama tunaigawa. Damu ile kwetu si lazima iwe dhulma. Inabidi waelezwe, na ishara ikishaelezwa imekufa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Djibril Diop Mambéty wa Senegal. Filamu yake ya mwaka 1973 inaitwa Touki Bouki, yaani safari ya fisi kwa Kiwolof, na fisi mwenyewe hatumwoni. Tunaona vijana wawili wanaotamani kwenda Paris, pikipiki iliyofungwa fuvu la ng'ombe lenye pembe, na machinjio. Fisi yumo katika tamaa yao tu. Miaka 19 baadaye, katika Hyènes, aliwaonyesha fisi wazi wazi, tena akasema kwamba aliazima tembo Kenya, fisi Uganda na watu Senegal, maana alitaka filamu ya bara zima. Ya pili ni nzuri. Ya kwanza ndiyo inayonikaa kichwani, na nadhani sababu ni kwamba fisi yule nililazimika kumleta mwenyewe kutoka hadithi za bibi, pamoja na ulafi wake wote.

Kuhusu kunguru niseme kidogo, maana umemweka katika dakika ya 11 na hukuniuliza. Katika The Birds ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1963 kuna tukio nje ya shule ambalo nakuomba ulitazame ukiwa umekaa peke yako. Mwanamke amekaa anavuta sigara, ndani watoto wanaimba, nyuma yake kunguru anatua kwenye vyuma vya kuchezea. Kisha wa pili. Kisha wengi. Hawatoi mlio. Filamu ile haina muziki wa kusindikiza, na sauti nyingi za ndege mle hazikutoka kooni mwa ndege yeyote: Oskar Sala alizitengeneza Berlin kwa chombo cha umeme kiitwacho trautonium, akiwa na Remi Gassmann, na mtunzi Bernard Herrmann safari hiyo akabaki mshauri wa sauti. Lakini pale penye hofu zaidi ndege wamenyamaza na wanaoimba ni watoto. Kunguru wako wewe anapiga kelele juu ya picha ya babu akiwa kijana, na kwa mtazamaji wa Lamu kunguru si shari tu, bali pia ndiye aliyemfundisha Qabil kumzika nduguye. Ukimtumia, mtumie kwa hilo, bila mlio, akichakura mchanga. Na jambo la kiufundi: kama siku moja utatengeneza filamu ya Lamu ya zamani, ya enzi za hao wa Al-Inkishafi, kunguru huyu mweusi wa shingo ya kijivu asisikike kabisa. Ni wa Bara Hindi, aliletwa Unguja miaka ya 1890. Kabla yake tulikuwa na yule mwenye kifua cheupe, na sauti zao hazifanani.

Haya, punda.

Nimefungua kilio ulichorekodi nikakitazama katika mawimbi yake. Umekikata vibaya: umeanza pale kinapokuwa kikubwa. Punda ni mnyama wa ajabu, yeye hulia akivuta pumzi na akitoa pumzi. Ile "hii" ni pumzi inaingia, ile "hoo" ni pumzi inatoka. Kabla ya yote hayo kuna sekunde moja au mbili ambazo watu hawazisikii kwa sababu wako mbali. Nimesimama karibu na punda wengi, kipaza sauti kwenye fimbo, najua zinavyokuja. Shingo inanyooka mbele. Pua zinapanuka. Ubavu unaingia ndani mpaka unaona mbavu. Halafu unasikia hewa ikipita kwenye koo kavu, polepole, kwa kukwaruza, kama kapi la mashua lililokosa mafuta likianza kuzunguka. Ndipo kishindo kinafuata.

Sasa mkumbuke babu. Mtu wa pumu shida yake kubwa ni kutoa pumzi. Anapotoa ndipo kifua kinapopiga filimbi. Umeirekodi filimbi ile, au yule mwigizaji wako ameiigiza vizuri mno. Basi fanya hivi. Babu atoe pumzi, na filimbi yake. Nje, nyuma ya mlango, punda avute, ule mkwaruzo tu wa mwanzo, kwa mbali. Babu atoe tena, fupi zaidi. Punda avute. Mara ya tatu babu atoe, punda avute, na hapo ukate kwenye giza kabla ya kishindo kutoka. Pumzi moja itakuwa imegawanywa kwa viumbe wawili, mmoja anatoa na mwingine anapokea, na hakuna mtu atakayeambiwa hivyo. Shangazi hatasema audhubillahi kwa sababu punda hajalia. Atabaki anangoja alie. Mngoje hivyo hivyo sekunde sita au saba katika giza, kisha lete majina.

Mkwaruzo ule usiuongeze sauti kwa kompyuta. Urekodi mahali pake. Nyumba ya babu yako ni ya mawe, ya zamani, kwa hiyo una bahati ambayo sisi wa nyumba za matofali hatuna. Punda afungwe nje ya daka, ule ukumbi wa mlangoni, pale pale alipokuwa akifungwa. Kipaza sauti kimoja kiweke tekani, pale unapoingia tu ndani ya mlango, kingine kiwandani, yaani ua wa ndani, cha tatu kule ndani kabisa kitandani kwa babu, na urekodi vyote kwa pamoja, mlango ukiwa wazi kisha ukiwa umefungwa. Kuta zile nene zitakula ukali wote na kukuachia kifua cha sauti. Wakati wa kuchanganya anza na kile cha ndani. Pumzi ya pili ongeza cha kiwandani kidogo. Ya tatu, cha tekani. Punda atakuwa amesogea karibu bila kupiga hatua. Kipindi hiki kusi kinavuma, basi kivishe kipaza sauti manyoya hata ukiwa ndani, maana upepo unazunguka kiwandani. Na urekodi kabla ya adhana ya alfajiri, kabla boti za injini hazijaanza huko gatini.

Ile picha ya karibu ya jicho la punda linalotoka maji, iache. Najua unaipenda. Macho ya punda wa Lamu hutoka maji kwa nzi na vumbi la chokaa, kila mtu mjini analijua hilo, na punda aliye na maumivu kwa kweli hujificha, hunyamaza na kuinamisha kichwa. Wanaotunza punda husema punda aliyefiwa na mwenzake ni vizuri aachwe kwa muda karibu na maiti, asiondolewe haraka, ili ajue. Hilo linanifanya niulize: baada ya jeneza kutoka, punda alifanya nini? Kama kuna mtu anakumbuka, hiyo ndiyo picha yako, na ipige kwa mbali, mwili mzima, pamoja na kamba.

Umeniandikia mwishoni kwamba punda bado yupo, kwa ami yako, Wiyoni, na kwamba umejaribu siku tatu kumfanya alie tena, mkampiga kofi la mgongo na akakataa. Msimpige. Muulize ami saa ambayo babu alikuwa akimpelekea chakula asubuhi, kisha mrudisheni jioni pale dakani, mfungeni alale hapo. Uwe na vifaa vyako tayari nusu saa kabla ya saa hiyo, na asiwepo mtu wa kumlisha.